Shangazi, kafara si neno la waganga

Shikamoo Shangazi,

Uliposema kafara ni neno la waganga na mtu wa dini hafai kulitamka, sikutaka kubishana nawe mbele ya wageni. Acha nibishane hapa, ambapo huwezi kunikata kauli.

Neno ni la Kiarabu, kaffara, na shina lake ni kufunika: kosa hufunikwa kwa tendo jema. Kufuru na kafiri ni ndugu zake wa shina moja. Fungua Kurani, sura ya al-Maida, aya ya 89, usome kafara ya kiapo kilichovunjwa: kulisha maskini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, asiye na uwezo afunge siku 3. Hamna damu humo, Shangazi, wala njia panda. Hata aliyemwingilia mkewe mchana wa Ramadhani kwa makusudi, akishindwa kufunga miezi 2 mfululizo, hulisha maskini 60. (Hapo najua umeshusha miwani.)

Lakini pwani neno likapata kazi nyingine. Mnyama aliyechinjwa ili maradhi au ukame uuepuke mji naye akaitwa kafara. Kutoka hapo ndipo tukafika kwenye uvumi wa mitaani: mtu akinunua lori la pili tu, "katoa kafara", tena ya mtoto wake. Huo ndio uliokuudhi, nami unaniudhi.

Magazetini kuna mbuzi wa kafara, afukuzwaye kazi kwa makosa ya wakubwa. Huyo anatoka katika Biblia, Mambo ya Walawi, sura ya 16. Walikuwa mbuzi wawili, wakapigiwa kura. Mmoja akachinjwa, aliyebebeshwa dhambi za watu akapelekwa jangwani kwa Azazeli, mzima. Waandishi wetu wamewachanganya.

Sadaka nayo ni ya Kiarabu, shina moja na kusadiki. Tambiko ni letu la Kibantu, na wanaopelekewa ni mizimu ya wazee. Kuliita tambiko kafara ni kuwavunjia heshima wa pande zote mbili.

Sasa nijibu hili. Bibi alipokuwa akienda pangoni na ubani wake, alisema anakwenda kutambika au kutoa sadaka? Mama anashikilia ni sadaka. Lakini aliyembebea chetezo ni wewe.