Laki mbili mkononi na kompyuta ya gemu imezeeka: uanze na nini?

Mteja anayekuja dukani kutafuta spea za gemu mara nyingi ameshaamua: anataka kadi ya picha (GPU) ya GTX 1650, basi. Tukimuuliza itafungwa kwenye mashine gani, anajibu, "Dell ile nyeusi." Dell nyeusi ziko nyingi, na hapo ndipo hela za watu zinapopotelea.

Kompyuta nyingi za gemu tunazoletewa hapa Kariakoo hazikutengenezwa kwa ajili ya gemu. Ni mtumba wa maofisi: Dell OptiPlex 7010, HP EliteDesk 800 G1, mashine za miaka ya 2012 na 2013, zenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha tatu au cha nne na RAM ya DDR3. Ni ngumu kufa, na zikipata kadi ya maana GTA V inacheza bila wasiwasi. Ila mwenye laki mbili hana nafasi ya kubahatisha.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, pima. Fungua gemu inayokusumbua, cheza kidogo, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uitazame Task Manager. GPU ikiwa asilimia 98 huku prosesa iko 50, kadi ndiyo imezidiwa. Prosesa ikiwa 100 na GPU inazubaa kwenye 60, kadi mpya haitakusaidia kitu. Itakaa pale ikisubiri kazi. RAM ikijaa, tuseme 7.6 kati ya 8, gemu itagandaganda kila ukikata kona, kwa sababu Windows inahamishia mzigo kwenye diski.

Angalia na joto pia, kwa programu ya bure kama HWMonitor. Prosesa ya Intel ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Vumbi la mjini hapa likijumlishwa na pesti ya kupitisha joto la prosesa iliyokauka miaka kumi, utadhani mashine imechoka kumbe inapumua kwa shida tu. Zipo zilizoondoka dukani kwetu kwa kupulizwa na kupakwa pesti mpya, mwenyewe akarudi nyumbani na hela yake.

RAM haina maneno mengi. Kama una kipande kimoja cha 4GB au 8GB, ongeza kingine cha aina hiyo hiyo, maana vikiwa viwili prosesa inavisoma kwa pamoja. Hakikisha ni DDR3 ya mezani. Ya laptop ni fupi, na DDR4 mkato wake uko kwingine, haiingii hata uilazimishe. SSD ya SATA, yaani diski ya kasi, nayo ni nzuri, gemu itafunguka upesi, lakini haiongezi fremu, yaani picha kwa sekunde. Anayekuahidi fremu kwa SSD anakuuzia maneno.

Sasa tuje kwenye kadi. Swali la kwanza ni pawa saplai. OptiPlex 7010 ya mnara ina wati 275, ile nyembamba ina 240, na hakuna waya wa ziada wa kulisha kadi. Tundu la kadi kwenye mazabodi kwa kawaida linatoa hadi wati 75, kwa hiyo chagua inayotosheka na hizo: GTX 1050 Ti au GTX 1650. Tazama ukingo wa kadi kwanza, kwa sababu GTX 1650 nyingine zina tundu la pini sita la umeme wa ziada, na hiyo si yako. Kama kasha ni jembamba utahitaji kadi fupi yenye bati lake fupi, na upime unene pia. Nyingi zinakula nafasi ya kadi mbili.

Kubadilisha pawa saplai kunawezekana, ila si kila mahali. OptiPlex 7010 inatumia plagi ya kawaida ya pini 24. EliteDesk 800 G1 ina plagi ya HP yenyewe, hivyo utatafuta na waya wa kugeuza, na bajeti inazidi kukua. Kuna kadi ya RX 6400 pia, inakula wati 53 tu, lakini inawasiliana na mazabodi kwa njia nne pekee. Kwenye mazabodi hizi zenye tundu la kadi la toleo la zamani, PCIe 3.0, sehemu ya nguvu yake inapotea, na haina uwezo wa kurekodi gemu kwa chipu yake. Sisi hatuipendekezi hapa.

Halafu kuna kadi za uongo: chipu ya zamani imebadilishwa jina, Windows inakuonyesha 1050 Ti. Geuza kadi utazame nyuma. Ukiona tundu la VGA, lile la bluu la pini 15, irudishe kwa mwenyewe, kwa maana 1050 Ti halisi haitoi picha kwa VGA. Programu ya GPU-Z nayo huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi ya namna hiyo.

Prosesa ikiwa ndiyo tatizo, kwenye 7010 unaweza kutoka i5-3470 kwenda i7-3770 bila kugusa mazabodi. Hapo ndipo mwisho wa barabara. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai Intel ya kizazi cha nane na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Kuna mafundi wanaoilazimisha, lakini gemu ya Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka), itakugomea. Kama gemu yako ni hiyo, tutakushauri uitunze laki mbili yako mpaka upate mashine ya kizazi cha nane, hata kama leo hutanunua chochote kwetu.

Ukija, njoo na mashine yenyewe. Kama ni nzito kubeba, leta picha mbili: ya ndani ikiwa imefunguliwa ubavu, na ya lebo ya pawa saplai. Tutajie na gemu unayocheza na saizi ya monita. Kadi iliyotumika tunaifunga na kuichezesha mbele yako kabla hujalipa.