Siku ya mahafali, kila mtoto aitwe jina lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu mahafali ya shule zetu za sekondari, hasa haya ya kidato cha sita yanayofanyika kabla ya mtihani wa taifa wa mwezi Mei. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Temeke, na kwangu mahafali ni msimu wa kazi. Zinakuja sare za familia, vitenge vya kina mama, magauni ya watoto wa kusindikiza. Wateja wakija kuchukua nguo wananisimulia, na wakirudi kupunguziwa mikono wananisimulia tena. Kwa hiyo malalamiko ninayoyaleta hapa si yangu peke yangu, ila mwaka huu yamenifikia nyumbani.

Binti wa kaka yangu anamaliza kidato cha sita katika shule moja ya bweni wilayani Bagamoyo. Anasoma HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, na ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko. Mama yangu, yaani bibi yake, alipanda basi kutoka Korogwe kwa ajili ya siku hiyo moja. Yeye kusoma kwake ni kile kisomo cha watu wazima cha miaka ya 1970. Anasoma polepole, kidole kikitangulia, lakini anasoma. Nilinunua jora la kitenge Kariakoo nikashona kwa watu wote, hadi kishati cha mtoto wa miaka mitatu, na kipande kilichobaki nikakipiga pindo kikawa cha kufunikia hotpoti la pilau. Tukakodi kipanya, tukatoka Temeke kabla ya adhana ya alfajiri ili foleni ya Mwenge na Tegeta isitukute.

Mpango wetu ulikuwa mzuri. Ratiba iliyotumwa kwa wazazi ilisema mgeni rasmi atafika saa nne asubuhi na shughuli itaisha saa saba mchana. Baada ya hapo wahitimu wenye wazazi waliruhusiwa kutoka, mradi jina liandikwe kwenye kitabu cha ruhusa na mtoto arudi bwenini kabla ya saa kumi na mbili jioni, maana mtihani uko mlangoni. Binti alikuwa ameshapanga atutembeze Bagamoyo. Kwanza Misheni, iliyoanzishwa na mapadri mwaka 1868, ambako maiti ya Livingstone ililazwa mwaka 1874 kabla haijavushwa Zanzibar. Kisha Boma la Wajerumani, ambao makao makuu yao yalikuwa Bagamoyo kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891. Kisha magofu ya Kaole, na jioni samaki wa kukaanga pale sokoni ufukweni. Alikuwa ameuandika mpango huo nyuma ya daftari na muda wa kila mahali, kama mwalimu anavyoandaa somo.

Mgeni rasmi alifika saa sita kasoro.

Sina ugomvi naye, na wala sitaki kujua alikuwa wapi. Mtu mwenye shughuli zake anaweza kuchelewa. Ugomvi wangu ni kwamba watoto walipangwa kwenye viti tangu saa tatu, na hakuna aliyethubutu kuanza bila yeye. Turubai lilikuwa limefungwa juu ya meza kuu na safu mbili za mbele. Wahitimu walikaa nje yake. Ilinyesha mvua ya rasharasha, masika ndiyo yanaanza, kisha jua likatoka na majoho yakaanza kufuka mvuke. Nisamehewe, lakini fundi haachi macho nyumbani: majoho yale ya kukodi yalikuwa ya satini nyepesi, mengi pindo limefumuka, na mtoto mmoja wa safu ya nyuma alikuwa anaburuza lake kwenye tope. Nilikuwa na sindano na uzi kwenye pochi. Nikapiga magoti nikamlipulia pindo pale pale, haraka haraka, mishono mirefu tu ya kumfikisha mwisho wa siku. Akaniambia, "Ahsante mama, wangu hawajaja." Alikuwa ametoka mbali, sikumuuliza wapi.

Risala ikasomwa. Ilikuwa ndefu, na sehemu kubwa haikuwahusu waliovaa majoho. Ilihusu upungufu wa vitanda, tangi la maji na mashine ya kudurufu mitihani. Kisha nasaha, kisha hotuba, kisha harambee. Mshereheshaji alikuwa hodari, hilo nampa. Alijua kumtania mzazi hadi aongeze elfu ishirini bila kununa. Ahadi zikatangazwa, majina ya waahidi yakasomwa mara mbili mbili, wakapigiwa makofi ya kilo.

Mama yangu alikaa akisubiri jina moja tu. Kanga ya pili alikuwa ameikunja magotini, tayari kwa kuipepea.

Jina halikuitwa. Muda ulikuwa umekwenda, tukaambiwa, kwa hiyo wanafunzi kumi watapokea vyeti kwa niaba ya wenzao na waliobaki watachukua vyao kwa mwalimu wa darasa. Hao kumi walipopita, mama alisimama akapiga kigelegele kwa watoto wa watu, maana sauti ilishapanda na haikuwa na pa kwenda. Mshereheshaji akamwomba akae, watu wa nyuma hawaoni. Wakati huo binti yetu alikuwa kwenye foleni nyuma ya darasa, anasaini karatasi.

Sasa nifanye hesabu ya fundi, maana sisi tunaishi kwa kupima. Wahitimu walikuwa kama 140. Kila mmoja akipewa nusu dakika ya kuitwa, kupita na kupokea, ni saa moja na dakika kumi kwa wote. Harambee peke yake ilichukua zaidi ya hapo. Muda wa watoto ulikuwepo. Wamepewa wengine.

Najua sababu yake, na si ndogo. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa kuanzia mwaka 2016, ya kidato cha tano na sita ikafuata mwaka 2022, na hakuna mzazi mwenye akili aliyelalamika. Lakini tangi likipasuka, mkuu wa shule anajua kwamba kuwapata wazazi wengi pamoja, wamevaa vizuri, wamefurahi na wana chochote mfukoni, ni mara moja kwa mwaka. Ndiyo maana mgeni rasmi anatafutwa kwa uzito wa mfuko, na ndiyo maana anasubiriwa hata akichelewa. Ningekuwa mimi mkuu wa shule labda ningeshawishika. Ila kikao cha wazazi kipo, na siku hizi kila darasa lina kundi la wazazi kwenye simu. Wanaotuma kule michango ya msiba kwa nusu siku watashindwaje kuchangia tangi? Tuambieni bei yake na tumechangia ngapi. Tutatoa. Mimi nimetoa hata siku hiyo, na jina langu likakosewa kwenye kipaza sauti.

Tulitoka getini saa tisa na nusu. Misheni ikafutwa, Boma likafutwa, samaki wakafutwa. Binti akachagua Kaole, kwa kuwa ndiyo aliyoisoma kwa moyo. Pilau tulilila ndani ya gari, sahani magotini, huku dereva anatukumbusha kuhusu viti vyake.

Kaole penyewe siwezi kupaeleza kama alivyotueleza yeye. Alitusimamisha mbele ya kuta za msikiti wa karne ya 13, akatuonyesha kibla, kisha makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Kwenye nguzo kuna vishimo vya mviringo. Akasema humo zilipachikwa bakuli za kauri kutoka Uchina, dalili kwamba watu wa hapa walifanya biashara na dunia kabla Mzungu hajatia nanga. Mama akaingiza vidole kwenye kishimo kimoja, akavizungusha. "Na bakuli zenyewe kachukua nani?" Mtembeza wageni akacheka tu. Binti akasema, "Bibi, hilo ndilo swali la mtihani."

Pale kwenye mbuyu mkubwa mama akauliza kile cheti kiko wapi. Kilikuwa kwenye bahasha ya kaki, kimekunjwa pembeni. Akakitoa, akaweka kidole, akaanza kusoma jina la mjukuu wake: la kwanza, la baba, la ukoo. La ukoo ni refu, alilirudia. Kisha akamwamuru binti arudi nyuma hadi kwenye njia, avae kofia yake, asubiri kuitwa. "Mke mwenzangu, usije mpaka nikuite." Akaliita kwa sauti ya kuitia watu shambani. Binti akaja anatembea taratibu kama alivyofundishwa kwenye mazoezi, akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili. Vigelegele vilipigwa hadi kundi la wageni waliokuwa kisimani wakaja kuangalia, na mmoja akamtunza elfu tano bila kujua tunasherehekea nini. Saa kumi na moja na robo dereva akapiga honi. Kitabu cha ruhusa hakina utani.

Walimu wakuu wanaosoma barua hii wasidhani nawatukana. Nawaombeni mambo ambayo hayana gharama. Shughuli ianze kwa saa iliyoandikwa, mgeni rasmi akifika akute vyeti vinatolewa, apokee kijiti hapo alipokuta. Mkuu wa shule anaweza kabisa kutoa vyeti, yeye ndiye aliyewalea watoto hao miaka miwili. Kila mhitimu aitwe majina yake yote, hata yule ambaye wake hawajaja, huyo hasa. Harambee ipelekwe kwenye kikao. Turubai likiwa moja, wakae wenye majoho, sisi wazazi tuna miavuli. Na wenye kukodisha majoho, kama mnanisikia, pindo la mashine moja bila kukunja mara mbili halimalizi msimu. Leteni, bei tutaelewana.

Kidato cha nne wataanza mahafali yao mwezi Septemba, kabla ya mtihani wa Novemba. Ratiba zao bado hazijachapwa.

Shangazi wa mhitimu, fundi cherehani,
Temeke, Dar es Salaam