Kuanzia Mwezi Huu Hatuuzi Mshono Bila Kadi Yake

Wiki iliyopita mama mmoja alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Ameumia, na nilimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amenunua kwetu mshono wa waridi wenye herufi mbili, yaani picha tunayoishona kwa uzi juu ya kitambaa ili iwekwe kwenye kadi, kwa ajili ya kumbukumbu ya ndoa ya wazazi wake. Alichukua kitambaa peke yake, akasema kadi ataitengeneza mwenyewe nyumbani ili apunguze gharama. Siku ya shughuli kadi ikawa imepinda, haisimami mezani, na katikati ya waridi pametokea doa gumu linalong'aa. Sasa anawaambia wenzake kwenye kikundi chao kwamba tulimuuzia kitambaa kibovu.

Nilimwomba akilete, akakileta, nashukuru. Nilipokigeuza nyuma tu nikajua: gundi ya maji, imepakwa kwa kidole, kitambaa kizima. Na mama huyu si wa kwanza. Ni wa tano tangu mwaka uanze, na wote watano walianza kwa kuniambia neno lile lile, "Dada, niuzie huo mshono tu, kadi ni karatasi, nitabandika mwenyewe." Kosa langu ni kwamba nilikuwa nakubali. Kuanzia mwezi huu sikubali tena, na naomba nieleze kwa nini, maana najua wapo watakaosema tunalazimisha watu walipe zaidi.

Kitambaa tunachoshonea kinaitwa aida. Kimefumwa kwa vijumba, na kila pembe ya kijumba ina tundu la kupitishia sindano. Hiki chetu kina vijumba 14 kwa kila inchi. Piga hesabu: inchi moja ya mraba ina vijumba 196, na matundu yanakaribia idadi hiyo hiyo. Sasa wewe unapaka gundi ya maji nyuma ya kitu chenye matundu yote hayo, halafu unakandamiza kwa kiganja ili kishike. Gundi itakwenda wapi kama si kupanda juu kwenye uzi? Ikikauka, uzi unakuwa mgumu, unang'aa, na vumbi linakaa hapo hapo.

Upande wa karatasi nao una mambo yake. Karatasi ni nyuzi za miti zilizoshikamana. Zikinywa maji zinavimba, tena zinavimba kwa upana kuliko kwa urefu. Ukilowesha upande mmoja, upande ule unatanuka. Ukikauka unasinyaa na kuivuta kadi nzima. Ndiyo maana kadi inakuwa sawa usiku unapoibandika, asubuhi unaikuta imepinda. Na hapa Tanga, hasa wakati wa masika, hewa yenyewe ina maji ya kutosha, huhitaji kuongeza.

Sisi hatubandiki kitambaa juu ya kadi. Kadi ya mshono ina kurasa tatu. Ukurasa wa katikati tunaukata dirisha, kitambaa kinakaa nyuma ya dirisha, na ukurasa wa kushoto unakunjwa kukifunika, ili mpokeaji akifungua asione nyuma ya mshono. Pembeni mwa dirisha tunaweka tepu ya pande mbili, siyo gundi. Kati ya kitambaa na ule ukurasa wa kufunika tunaweka pamba nyembamba ya kujazia mito, ndiyo inayofanya waridi litokeze kidogo kama limevimba. Ukurasa wa kufunika tunaupunguza milimita 2, kwa sababu usipopunguzwa unagota kwenye mkunjo na kadi haifungi vizuri. Mikunjo tunaichanja kwanza kwa rula na kalamu iliyokwisha wino. Ukikunja manila nzito bila kuichanja, mkunjo unapasuka na kuacha mstari mweupe, na hakuna kinachouondoa.

"Kadi ni karatasi." Sawa, ni karatasi, lakini tuihesabu. Kadi ya ukubwa wa A6 ina upana wa milimita 105. Kurasa tatu ni milimita 315. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, kwa hiyo haitoshi, na hapo ndipo wengi wanaoenda kununua A4 wanapokwama, wanaishia kubana dirisha mpaka waridi linakatwa majani. Inabidi ununue A3. Karatasi moja ya A3 inatupa kadi 2 tu, na vipande 2 vya kubaki ambavyo tunavitengenezea vikadi vya kufunga kwenye zawadi. Tena si kila A3 inafaa. Tunaichukua karatasi mkononi dukani na kuikunja taratibu bila kuivunja, upande huu na upande ule, kusikia nyuzi zimelala wapi. Mkunjo ukienda sambamba na nyuzi unakuwa safi. Ukizikata, unakuwa na meno. Wenye duka la steshenari wameshanizoea, zamani walikuwa wananitazama sana.

Yule mama aliokoa shilingi 8,000 kwa kuchukua kitambaa peke yake. Kwa 8,000 hiyo tungempa kadi, dirisha, pamba, karatasi ya ndani ya kuandikia, na bahasha. Yeye akanunua manila, gundi, na glita, ikamtoka karibu 5,000. Faida yake ni 3,000, na waridi la 30,000 limeharibika.

Kuhusu hiyo 30,000 nimeshasikia kila kitu. Waridi lile lina misalaba 860, yaani mishono miwili inayokatizana juu ya kijumba kimoja. Msalaba mmoja ni sindano kupanda na kushuka mara mbili. Mkono uliozoea unapiga misalaba 120 hivi kwa saa, ukijumlisha kukata uzi, kubadilisha rangi na kuhesabu upya pale macho yanapochoka. Hiyo ni zaidi ya saa 7 za kukaa umeinama. Ukitoa kitambaa na uzi, ambavyo vinatufikia kwa basi kutoka Kariakoo, mshonaji anabaki na kama 3,500 kwa saa. Msusi wa nywele hapa mtaani hakai saa 7 kwa pesa hiyo, na sijamsikia mtu akimwambia kwamba nywele ni nywele tu.

Tena kuna kazi ambayo mteja haioni kwa sababu iko nyuma. Mama zetu waliotushonea vitambaa vya makochi walikuwa wakigeuza kazi ya mtoto kabla ya kuitazama mbele, na mimi nilifumuliwa mara nyingi kwa ajili ya nyuma. Kwenye kadi jambo hili lina uzito kuliko kwenye kochi. Ukifunga fundo, fundo linatokeza kama punje ya mchele chini ya mshono. Kwa hiyo hatufungi fundo kabisa: tunachukua uzi mmoja, tunaukunja katikati uwe mbili, na ule mkunjo wenyewe ndio unaonasa mwanzo, mwisho tunauchomeka chini ya misalaba iliyokwisha kushonwa. Uzi mweusi hauruki sehemu tupu, maana kitambaa cheupe kinauonyesha kama mshipa. Na mguu wa juu wa kila msalaba lazima uelekee upande mmoja, misalaba yote 860. Ukigeuza mmoja tu, mwanga ukipiga utauona. Mdogo wangu alimaliza jahazi zima, nikakuta safu moja ya tanga imegeuka. Akaifumua yote bila kununa. Mteja asingejua labda, lakini sisi tungejua.

Wapo pia wanaoleta uzi wao. Dada mmoja alitaka moyo mwekundu kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe, akaleta uzi aliouokota kwa bei nzuri sokoni, ili apunguziwe 6,000. Nilimwonya, akasema nyekundu ni nyekundu. Mshono ukikamilika tunaufua kwa maji na sabuni laini, kwa sababu umeshikwa na mikono kwa siku kadhaa na jasho litakuja kuonekana baadaye. Tukautia kwenye beseni na maji yote yakawa rangi ya waridi. Kitambaa nacho kikawa rangi hiyo hiyo. Tulibadilisha maji mara nane, maji ya baridi, bila kuugusa kwa pasi, maana pasi ingeifunga ile rangi moja kwa moja. Haikurudi kuwa nyeupe. Tulishona upya kwa uzi wetu, na gharama tukagawana nusu kwa nusu, ingawa kwa haki ilikuwa yake yote. Tangu siku hiyo, uzi wa mteja nauchovya kwanza kwenye kikombe cha maji mbele yake, na kuukandamiza kwenye kitambaa cheupe. Ukichuja, anarudi nao nyumbani.

Na tafadhali, tafadhali, msipeleke kadi hizi kulaminetiwa. Kijana mmoja alimnunulia bibi yake kadi ya maua ya kusokota, zile tunazotengeneza kwa vipande vya karatasi vya milimita 3 vilivyozungushwa kwenye ncha ya sindano na kusimamishwa wima. Alitaka idumu, nia yake njema kabisa. Akaipitisha kwenye mashine ya vitambulisho pale steshenari. Mashine ile inabana na kuchoma. Maua ya kazi ya siku moja na nusu yalitoka yamelala kama yamekanyagwa na gari. Ukitaka kadi ya maua idumu, iweke kwenye fremu yenye kina, ambayo kioo hakigusi karatasi. Fremu hizo mafundi wa Ngamiani, hapa hapa Tanga, wanazitengeneza vizuri, nenda na kadi mkononi wapime.

Jambo la sura za watu nalo linaleta ugomvi. Mteja anatuma picha ya marehemu baba yake, anataka sura yake ishonwe kwenye kadi. Dirisha letu la kawaida linabeba mshono wa vijumba 40 kwa 40, kama sentimita 7. Kwenye vijumba 40 pua inapata vijumba vitatu au vinne. Sitamshonea mtu baba yake kwa pua ya vijumba vitatu halafu nipokee pesa. Hiyo ni kazi ya kutundika ukutani, ya miezi, na bei yake ni nyingine. Kwa kadi namshauri tushone kitu cha baba: baiskeli yake, kofia yake, mnazi wa uani. Mteja mmoja alichagua baragashia ya babu yake, na hiyo ndiyo kadi ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kushona.

Majina yana hesabu yake pia. Herufi ya kawaida inakula vijumba 5 na kimoja cha nafasi. Vijumba 40 vinabeba herufi 6. Neema linaingia bila shida. Mwanaidi haliingii, lazima tutumie herufi nyembamba za vijumba 3, na hizo tunaziandika upya kwa mkono kwenye karatasi ya miraba kabla ya kugusa sindano. Kwa hiyo nikikuuliza mara ya pili jina linaandikwaje, sikupotezei muda. Nilishashona "Halma" kwa sababu mteja aliandika kwa haraka, naye akaniambia ningejua mwenyewe kwamba ni Halima.

Mabibi harusi, ninyi nawapenda, lakini kadi 200 za mshono kwa wiki tatu haziwezekani. Hata moyo mdogo kabisa wa misalaba 300 ni saa mbili na nusu. Mara 200 ni saa 500, na sisi tuko watatu. Yupo bibi harusi aliyetuambia tusipoweza atapata anayeweza. Akapata. Kadi zilizofika kwa wageni zilikuwa na picha ya mshono iliyochapwa kwa mashine, na alikuwa amelipia mshono. Ninachowashauri wengi sasa: kadi za wageni na za michango zichapwe mahali pazuri, halafu kwetu muagize chache za mkono, za wazazi wa pande zote mbili, mshenga, na mwenyekiti wa kamati. Kadi kama 6 hivi. Hizo zitawekwa kabatini miaka mingi, zile nyingine zitapotea kesho yake, na bajeti haiumii.

Yule mama wa waridi tumeyamaliza vizuri. Kitambaa nimekilaza kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha, gundi nyingi imelainika na kutoka. Misalaba kama 70 katikati haikupona, nimeifumua na kuishona tena bila kumdai. Kadi analipia ile 8,000, na amekubali.

Anayetaka kuagiza: mshono mmoja tunahitaji siku 7 za kazi, na nusu ya malipo kabla hatujakata kitambaa. Maua ya kusokota ni siku 4. Bei ni ya kadi kamili, pamoja na bahasha inayoitosha. Ukiwa tayari unao mshono wetu wa zamani ambao hujaubandika, ulete hata kama ni wa miaka miwili iliyopita, tutaupigia pasi upande wa nyuma juu ya taulo na kuuwekea kadi yake kwa 8,000 ile ile. Oda za Idi zinafungwa wiki tatu kabla, za Krismasi zinafungwa tarehe 30 Novemba. Baada ya hapo nitakataa, hata kama ni jirani yangu.