Mama wa marehemu aelezwe adhabu imefikiwaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililotukuta sisi wa Ngamiani, Tanga, maana naamini linawakuta wengi.

Mpwa wangu alifariki kwa pigo moja. Aligombana na rafiki yake, mtu aliyekuwa akienda naye baharini miaka yote, kisa hela ya petroli ya mashine ya boti. Akapigwa ubao, akaangukia ukingo wa saruji. Kijana yule alishtakiwa kwa mauaji, na kwa kuwa kosa hilo halina dhamana, akakaa mahabusu zaidi ya miaka miwili. Mwaka jana shtaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia. Akakiri, akapewa miaka mitatu.

Siku ya hukumu dada yangu, mama wa marehemu, alikaa benchi la nyuma, ncha ya kanga kaisokota kidoleni mpaka kidole kikabadilika rangi. Sababu za adhabu zilisomwa kwa Kiingereza. Tulichotafsiriwa ni miaka mitatu tu. Dada akanigeukia: "Kaka, mitatu ya nini?" Sikuwa na jibu. Tulipofika nyumbani, mtaa ulikwishaamua kuwa kuna mtu kala hela.

Jibu nililipata kwa wakili mmoja jirani yetu. Alinikalisha barazani baada ya Magharibi akanisomea nakala ya uamuzi ukurasa kwa ukurasa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatenga makosa haya mawili. Aliyeua kwa kukusudia hukumu yake ni kunyongwa, na jaji hana pa kugeukia. Aliyeua bila kukusudia, kifungu cha 198 kinaweka ukomo wa kifungo cha maisha, lakini chini ya hapo hakitaji kiwango. Ndipo unapokuja Mwongozo wa Utoaji Adhabu wa mwaka 2023: ukatili ukiwa mkubwa ni kuanzia miaka 10 hadi maisha, wa kati miaka 4 hadi 10, na wa chini ni kuanzia kuachiwa kwa masharti hadi miaka 4. Jaji hutazama silaha iliyotumika, mapigo mangapi, yamepiga wapi, marehemu alikuwa nani, na mshtakiwa alifanya nini kabla na baada ya tukio. Akishajua ngazi, ndipo anapima kama ni kosa la kwanza, kama amekiri na kuiondolea mahakama kazi ya kuita mashahidi, amekaa mahabusu muda gani.

Barazani kwetu wapo wanaotaka sheria iweke kima cha chini, miaka 15 kwa kila aliyetoa roho ya mtu. Mimi ni mfiwa na bado sikubaliani nao. Kosa hili la kuua bila kukusudia linamchukua mume aliyempiga mkewe usiku kucha, linamchukua na mtu aliyesukumana na mwenziwe mara moja kwenye ngazi. Ukiwafunga sawa umemwonea mmoja wao.

Ninacholalamikia ni kwamba hakuna aliyemfungulia dada yangu mlango wa kuyaelewa haya. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili. Basi walau ile sehemu ya sababu za adhabu, ambayo mara nyingi haizidi kurasa chache, isomwe kwa Kiswahili kabla watu hawajatoka chumbani. Na kabla jaji hajapima, mama wa marehemu aulizwe: umebaki na nini? Mpwa wangu ameacha watoto wawili. Neno hilo halimo popote katika nakala ile, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Ya mshtakiwa yamo yote, hata mama yake mgonjwa, na ni haki yake yawemo.

Wazee wa kijana walikuja siku ya arobaini kuomba radhi. Dada alikataa kutoka chumbani, na sikumlazimisha. Kesi ya mauaji haimalizwi na wazee, lakini radhi nayo ina wakati wake.

Niliporudi kutoka kwa wakili nilimsomea dada yale niliyoyaandika kwa mkono. Alisikiliza kimya, yuko jikoni anakuna nazi. Nilipofika pale jaji aliposema kwamba mshtakiwa ndiye aliyembeba marehemu mgongoni hadi kwenye bajaji, akampeleka hospitali na kukaa naye hadi askari walipomkuta hapo, akaacha kukuna. Sisi siku zote tuliambiwa tu kwamba muuaji kakamatiwa hospitali. Akaniuliza, "Alimbeba yeye?" Nikamwambia ndiyo, imeandikwa. Akaniomba nirudie kusoma pale.

Wako katika kazi,
Mjomba wa marehemu,
Ngamiani, Tanga