Kabla hujajaza ukuta, angalia gata

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana ile makala yenu ya kuhami kuta za nyumba za zamani, yaani kuziwekea kitu cha kuzuia joto lisitoke, nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimebaki nakuna kichwa. Si kwamba mmeandika uongo, hapana, mliyosema kuhusu bili na baridi ni kweli tupu. Ila mmewaambia watu wajaze kuta kama vile ukuta ni godoro, na mimi nilishafanya hivohivo nikajuta, sa wacha niseme kabla mtu mwingine hajamwita fundi.

Nyumba yangu kuta zake ni za matofali, nene, zile za kizamani kabisa ambazo hazina uwazi katikati. Chumba cha kulala kilikuwa baridi balaa. Fundi akaja akabandika mabodi ya povu kwa ndani, juu yake jipsamu, juu yake rangi, siku mbili kazi imeisha, na chumba kikawa na joto zuri kwelikweli mpaka nikawa nawaringia wageni. Mwaka wa pili ndo harufu ikaanza. Unaijua ile harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa bado mbichi? Ndo hiyo. Nikasogeza kabati, nikabandua kipande cha bodi, lahaula, ukuta nyuma mweusi tii kwa ukungu, na boriti ya sakafu ya juu, pale kichwa chake kinapoingia ukutani, ukiichoma na bisibisi inazama yenyewe bila kutumia nguvu.

Kumbe mambo yako hivi. Hewa ya ndani imebeba mvuke, wa kupumua, kupika, kuoga, kuanika nguo. Chumba kikiwa na nyuzi 20 na unyevu asilimia 50, mvuke ule unageuka maji ukigusa kitu chenye nyuzi 9 hivi kushuka chini. Zamani ukuta wangu ulikuwa unapashwa na joto la chumba kwa hiyo haukufika huko, sasa nilipouvisha koti kwa ndani, wenyewe ukabaki upande wa baridi, na hewa ya chumba ikawa inapenya kwenye maungio ya mabodi inaenda kulowanisha kule nyuma kimyakimya. Ongeza gata iliyokuwa inavuja juu ya kona ileile (nilikuwa naiona kila mvua ikinyesha, najisemea nitaitengeneza wiki ijayo), ongeza na lipu ya sementi ambayo mwenye nyumba aliyetangulia aliipiga nje ili papendeze. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa unalowa na unakauka, unalowa na unakauka, ndo maisha yake. Ukiuziba nje kwa sementi na ndani kwa povu, maji yakishaingia yatatokea wapi?

Sisemi watu wasihami. Hapana jamani. Sentimita 5 tu za sufi ya madini, ile ya nyuzi laini za mawe au kioo, zinazuia joto karibu sawa na ukuta wa matofali wa unene wa mita moja, hiyo si kitu cha kubeza. Na kuta za fremu ya mbao zenye uwazi ndani zinatobolewa matundu madogo zikapulizwa karatasi iliyosagwa, tena mara nyingi ni magazeti ya zamani yaliyochanganywa na chumvi za boroni ili moto usishike haraka na wadudu wasile. Kwa hiyo gazeti lenu likishasomwa lina kazi nyingine ya heshima kabisa mhariri, pengine kuliko ya kwanza, nakutania tu. Ila hata huko kwenye mbao, kabla ya kupuliza mwite fundi wa umeme aangalie, maana nyumba nyingine bado zina zile nyaya za kizamani zinazopita juu ya vishikizo vya kauri, zenyewe zinategemea hewa ya ukutani ili zipoe, sasa ukizifukia kwenye karatasi unatafuta moto. Na ukikuta mabodi ya zamani yenye asbesto, yale ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu, usiyakate wala kuyapiga msumeno, waite wanaojua kazi hiyo.

Alafu kitu kingine, makala yenu imerukia kuta wakati paa haijaguswa. Hewa ya moto inapanda juu, na kuhami juu ya dari mara nyingi ni kazi rahisi kuliko ukuta, haivunji kitu. Kabla ya hapo ziba mianya. Siku ya upepo washa kijiti cha udi upite nacho polepole pembeni ya madirisha, chini ya milango, pale bomba linapotoboa ukuta, moshi ukiyumba umeshajua hewa inapita wapi. Ila msizibe mpaka nyumba ikakosa pumzi, jiko na bafu lazima viwe na pa kutolea mvuke.

Na wale wa sehemu za joto zenye unyevu wanaotumia eisii wasiige tu, maana kwao mambo yanageuka, mvuke unatoka nje kuja ndani kwenye ubaridi, kwa hiyo ile nailoni ya kuzuia mvuke ambayo mwenye baridi anaiweka upande wa chumbani, kwao ikiwekwa hapohapo inakuwa mtego wa maji.

Mimi niliishia kung'oa mabodi yote, nikatengeneza gata, nikabandua lipu ya sementi, nikauacha ukuta uchi miezi mingi mpaka ukakauka, kelele za mke wangu humo ndani usiombe. Ndo nikaweka mabodi ya nyuzi za mbao, sentimita 4 tu, yameshikana na ukuta bila kuacha uwazi nyuma, juu yake chokaa. Chumba hakina joto kama la povu, siwezi kudanganya, lakini harufu hakuna. Boriti ilibidi ikatwe kichwa iungwe mbao mpya. Kile kipande kilichooza bado ninacho stoo, mwandishi wenu akitaka kukipiga picha kwa ajili ya makala nyingine aje tu, asiache kuja na bisibisi.

Msomaji wenu wa siku zote