Barabara yetu si jambo la "Mengineyo"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililojitokeza katika mkutano wa mtaa wetu, hapa pembezoni mwa Jiji la Dodoma, kwa kuwa naamini mitaa mingine inayochimbwa barabara wakati huu inapitia hali hiyohiyo, na wenye uwezo wa kuirekebisha wamo miongoni mwa wasomaji wako. Sitautaja mtaa, wala mkandarasi, wala ofisi inayomsimamia, maana sikukusudia kumshtaki mtu gazetini. Ninachokilalamikia ni utaratibu unaotumika kuichimba barabara yetu.

Mkutano uliitishwa Jumapili, saa nne asubuhi, mbele ya ofisi ya mtaa, chini ya mwarobaini. Tangazo lililobandikwa ukutani lilikuwa na ajenda nne: kufungua mkutano, taarifa ya ulinzi na usalama, mchango wa sungusungu, na mwisho kabisa "Mengineyo". Watu walijaa kuliko kawaida, kwa sababu katika muda wa miezi miwili majirani zetu kadhaa walikuwa wamekabwa na kuporwa simu na mikoba, wengi wao wakiwa kina mama wanaotoka sokoni Sabasaba na vijana wanaorudi kazini jioni. Mwenyekiti alisoma taarifa yake, akapendekeza mchango wa ulinzi uongezwe kutoka shilingi 2,000 hadi 3,000 kwa kaya kwa mwezi ili doria iongezewe vijana, na mjadala ukang'ang'ania hapo kwa karibu saa mbili. Tulibishana kuhusu filimbi, tukabishana kuhusu tochi, tukabishana kuhusu nani hajalipa tangu Januari, na ikafika mahali wapangaji na wenye nyumba wakaanza kutupiana maneno ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na vibaka.

Aliyeugeuza mkutano ni mkaguzi wa polisi wa kata. Alisimama akasema kwa upole kwamba taarifa alizozipokea tangu kazi ya barabara ianze karibu zote ni za mahali pamoja, yaani kile kipande kilicho kati ya barabara kuu na korongo, na karibu zote ni za baada ya saa moja usiku. Hakuongeza neno. Mama mmoja muuza mbogamboga aliyekuwa ameketi mbele akamjibu kwa niaba yetu sote: "Afande, si ndipo daladala zinapotushusha siku hizi?"

Nieleze alichomaanisha. Kabla ya ujenzi, daladala zilikuwa zinaingia ndani ya mtaa na kugeuzia karibu na shule. Mkandarasi alipoleta kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia, alichimba mitaro ya maji ya mvua kushoto na kulia kwa urefu wote wa barabara ndani ya siku chache, kisha kijiko kikapakiwa na kuondoka. Waliobaki ni mafundi wachache wanaojengea mitaro hiyo kwa mawe, na hiyo ni kazi ya mikono, ya kupanga jiwe moja baada ya jingine na kuziba kwa saruji. Hata wangekuwa hodari namna gani, hawawezi kulifuata kwa kasi shimo lililochimbwa na mashine. Sababu ya kuchimba kote kwa mkupuo mmoja si siri kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na kazi za barabara. Mtambo hukodiwa kwa saa au kwa siku, na kuuleta na kuurudisha ni gharama nyingine, kwa hiyo mkandarasi huona nafuu amalize uchimbaji wote mara moja. Kwake hesabu hiyo ni sahihi. Ila gharama aliyoikwepa haikuyeyuka. Ilihamia kwetu, na tunailipa kila jioni.

Tunailipa namna hii. Daladala hazina pa kugeuzia, basi madereva wamekubaliana kuishia barabara kuu. Najua kwamba kukatisha ruti ni kosa, na kwamba leseni inayotolewa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hutaja ruti ambayo gari linapaswa kuikamilisha, lakini sioni haki ya kumwadhibu dereva ambaye barabara yake imegeuzwa handaki. Kosa ninaloliona ni kwamba hakuna aliyekaa kuamua kituo cha muda kiwe wapi, kiwe na taa gani, na abiria wapite njia ipi kutoka hapo hadi majumbani. Kutoka barabara kuu hadi katikati ya mtaa ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na hapa kwetu jua huzama kwenye saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo mtu anayetoka kazini saa kumi na moja na kusubiri usafiri mjini hufika akiwa tayari gizani. Pembeni mwa njia kuna marundo ya kifusi yanayozidi kimo cha mtu. Kibaka hahitaji akili nyingi kujificha nyuma yake.

Kijana mmoja wa kijiwe cha bajaji alipopewa nafasi alieleza upande wao, na nilipenda alivyozungumza bila kujitetea sana. Alisema mchana wanatoza shilingi 500 kwa kichwa kama zamani, lakini usiku hawaingii chini ya 1,500, kwa sababu njia ya mchepuko inapita ndani ya korongo lenyewe, ambako mchanga ni mwingi, tairi linazama, na abiria hulazimika kushuka kusukuma. Mara mbili wenzake wamesimamishwa hapohapo na watu waliojifanya kuja kusaidia kusukuma. Mtu mwenye mshahara anaweza kulipa hiyo 1,500. Muuza mbogamboga hawezi, na hivyo wanaotembea gizani ni walewale wenye uwezo mdogo kuliko wengine.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu anaishi bibi anayeuza vitumbua. Kila alfajiri huvuka mtaro juu ya mabanzi mawili yaliyounganishwa kwa misumari, ndoo ya mchanganyiko uliokwisha kuumuka ikiwa kichwani, na mjukuu wake akitangulia na tochi ya simu kumwonyesha pa kukanyaga. Mtaro huo, ukisimama ndani yake, unakufika kifuani. Hilo ndilo daraja lake tangu Agosti. Mabanzi hayo hayakuletwa na mkandarasi. Yalitolewa na fundi seremala wa jirani, na aliyeyapigilia misumari ni mimi, nami si fundi.

Mheshimiwa diwani, ambaye namshukuru kwa kufika na kukaa hadi mwisho, alituomba tuwe na subira kwa kuwa maendeleo yana adha zake na mradi huu wengine wanautamani. Namwelewa. Hakuna mkazi wa Dodoma anayekataa lami, hasa aliyewahi kufungua dirisha mwezi wa Agosti upepo unapovuma na kukuta meza imegeuka kuwa nyekundu kwa vumbi. Mji huu umekua kwa kasi isiyo ya kawaida: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni jiji, na ile ya 2022 ikahesabu 765,179, na katikati ya sensa hizo mbili ndipo Serikali ilipohamia na manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018. Barabara lazima zijengwe, na zitaendelea kuchimbwa mtaa baada ya mtaa kwa miaka mingi. Ndiyo sababu nasema tusijizoeze kuuchukua usumbufu wa aina hii kuwa sehemu ya lazima ya ujenzi.

Nina neno pia kuhusu hilo la "wengine wanautamani", ambalo hutolewa kana kwamba barabara ni hisani. Mwaka 2021 Bunge, lililokaa hapahapa Dodoma, lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za mijini na vijijini. Yule kijana wa bajaji anachangia barabara kila anapojaza tangi, na bibi wa vitumbua anachangia kila anapolipa nauli. Aliyelipia kitu ana haki ya kuuliza kinavyotengenezwa, na kuuliza kwake hakumfanyi kuwa mpinga maendeleo.

Tena, kuwapitisha watu na magari salama wakati kazi ikiendelea si jambo ambalo mkandarasi hulifanya kwa huruma. Kwa kawaida mikataba ya ujenzi wa barabara huwa na vifungu vinavyohusu njia za mchepuko, alama za tahadhari na usalama wa wapita njia, na vifungu hivyo huwekewa bei kama vinavyowekewa bei kokoto na lami. Swali langu mkutanoni lilikuwa hilohilo: katika mkataba wa barabara yetu, fungu hilo ni kiasi gani na limefanya kazi gani? Mwenyekiti alinijibu kwa unyoofu kwamba hajawahi kuuona mkataba wala mchoro, na kwamba siku kijiko kilipoingia alijulishwa na watoto. Nilimwonea huruma. Mtu huyu tunamchagua, tunamlaumu, tunamgongea mlango saa sita za usiku, na wanaoufukua mtaa wake hawakumpa hata karatasi moja ya kutusomea. Mtendaji wa kata naye alisema barua aliyopokea ilitaja jina la mradi na muda wake tu.

Upo ubao wa mradi, ni kweli, umesimikwa pale mwanzo wa barabara, mzuri, wenye rangi mbili. Umeandikwa jina la mwenye mradi, jina la mkandarasi, jina la mhandisi mshauri, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Haukuandikwa namba ya simu ya mtu atakayepokea saa mbili usiku pikipiki itakapotumbukia mtaroni, jambo ambalo lilikwisha kutokea, na tukamtoa kijana wa watu kwa kamba ya ng'ombe.

Haki itendeke pande zote, nasi wakazi tuna yetu. Ule utepe mwekundu na mweupe uliozungushiwa mitaro wiki ya kwanza haukumaliza siku nne. Kipande kimoja nimekiona kimefungwa shingoni mwa mbuzi, na kingine kimetumika kuanikia nguo. Mapipa mawili yaliyowekwa kama kizuizi yamehamia kwenye nyumba ambazo kila mtu anazijua na hakuna aliyezitaja mkutanoni. Wapo wanaotupa taka ndani ya mtaro ambao hata haujakamilika. Sungusungu watakaolipwa hizo 3,000 waanzie hapo.

Lakini kinachonifanya niandike sasa badala ya kusubiri mkutano ujao ni mvua. Dodoma ni nchi kame, mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba na kukoma Aprili, na kwa mwaka mzima hazifiki hata nusu ya zile za Bukoba. Ila zinaponyesha hushuka kwa kishindo, na korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kusomba ng'ombe jioni. Udongo wetu wa kichanga hauhimili maji yanayokimbia. Mtaro uliochimbwa na kuachwa bila kujengewa, ukipokea mvua mbili kubwa, hautakuwa mtaro tena. Utapanuka, utakula ukingo wa barabara na kuta za nyumba zilizo karibu, na utazaa korongo jipya. Yale mabanzi ya bibi yataondoka na maji ya kwanza. Na njia ya mchepuko, kama nilivyosema, inapita ndani ya korongo, maana yake siku mvua itakaponyesha mtaa mzima hautakuwa na pa kutokea, awe mgonjwa, awe mjamzito, liwe gari la zimamoto.

Kwa hiyo tunaomba mambo ambayo hayahitaji bajeti mpya. Kipande ambacho hakitajengewa kabla ya mvua kifukiwe na kushindiliwa, kisha kifukuliwe tena zamu yake itakapofika, na kuanzia hapo uchimbaji uende sambamba na mwendo wa mafundi wa mawe. Kila baada ya nyumba kadhaa liwekwe jamvi la zege la kuvukia, lile lile litakalotumika baadaye, badala ya kuyasubirisha yote mpaka siku ya kukabidhi mradi. Kifusi kiondolewe kwanza kwenye kile kipande alichokitaja afande, na ziwekwe taa za sola japo nne kutoka kituo cha daladala hadi korongoni. Kuhusu kituo chenyewe, watu wa jiji, polisi wa usalama barabarani, LATRA na madereva wakutane hata kwa nusu saa pale pale barabarani wakubaliane gari zigeuzie wapi, kwa maana kuna kiwanja cha wazi upande wa pili wa shule ambacho kingefaa iwapo kingesawazishwa na greda kwa siku moja.

Na kwa mitaa ambayo bado haijachimbwa, naomba mamlaka zinazosimamia barabara ziwe na desturi ya kumleta mhandisi mbele ya mkutano wa mtaa kabla ya mtambo kushushwa, akiwa na mchoro na ratiba, aulizwe maswali na watu watakaoishi na shimo lake. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Mwenyekiti akiwa na karatasi hiyo, hata doria ataipanga vizuri zaidi, kwa sababu atajua mapema ni njia ipi itafungwa wiki ipi na watu watapita wapi.

Mchango wa 3,000 tuliupitisha, kwa kunung'unika. Ajenda ya barabara, ndani ya "Mengineyo", ilifikiwa saa saba na nusu, jua likiwa utosini na nusu ya watu wakiwa wameshaondoka kwenda kupika, ikajadiliwa kwa dakika kama kumi na tano, ikaandikwa kwenye muhtasari kuwa "wananchi walishauriwa kuwa wavumilivu". Mimi sikumbuki kushauriwa hivyo na mkutano. Nakumbuka tuliuliza maswali. Nimemwomba mwenyekiti, naye amekubali, kwamba mkutano ujao barabara iwe ajenda ya pili, mara baada ya kufungua, na mwaliko kwa mhandisi umekwisha kuandikwa na kupelekwa kwa mkono ofisini kwake. Hadi ninapoandika barua hii, hatujajibiwa.

Wako,
Mkazi wa mtaa, Jiji la Dodoma