Mdogo wangu wa Bukavu, patasi ya nne ingoje kwanza

Mdogo wangu,

Umeniomba pesa ya patasi ya nne. Sitatuma. Usinune, soma kwanza.

Ule mchi wa kutwangia sombe (majani ya muhogo), unaoukereza kwenye mashine ya kuzungusha mti, nimeuona kwenye picha. Umbo si baya, ila uso wake umechanika kama umetafunwa na panya, nawe unalaumu mkaratusi. Mkaratusi una kosa gani? Huku Goma ndio tunaochongea chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Tazama chini ya mashine yako: patasi kali hutoa maranda marefu yanayojikunja. Yako ni vumbi tupu. Hukati, unakwaruza.

Mimi nilifanya vibaya zaidi. Patasi yangu ya kwanza mhunzi aliifua kwa springi ya gari, nami nikaikandamiza kwenye jiwe la umeme kama mtu mwenye hasira. Ncha ikageuka buluu, nikadhani inapendeza! Kumbe chuma kilikuwa kimeungua na kulegea. Kila baada ya dakika mbili, butu. Ikabidi niisage mpaka buluu yote iishe. Chuma cha namna hiyo kichovye majini mara kwa mara, kabla hakijabadilika rangi. Zile patasi za kiwandani zilizoandikwa HSS, chuma cha aina nyingine, zinavumilia joto zaidi; hizo usizizamishe majini zikiwa moto sana, zinaweza kupata nyufa ndogo. Ziguse jiwe kidogo tu, uziache zipoe zenyewe.

Na usijaribu jiwe la volkano. Tunayo hadi mlangoni, nilijaribu: vitundu vyake viliacha makali na meno kama ya msumeno.

Kunoa kwenyewe ni hivi. Paka mshazari wote, yaani ule uso ulioinama nyuma ya makali, wino mzito, ule wa kuandikia maboksi. Mashine ya jiwe ikiwa imezimwa, laza patasi juu ya jiwe na ulizungushe kwa mkono. Wino ukifutika upande wa nyuma tu, inua mpini. Ukifutika kwenye makali tu, shusha. Ukifutika wote, vaa miwani, washa, gusa kidogo. Cheche zikianza kupita juu ya makali, acha. Patasi ya mfereji (iliyobonyea katikati) ya kukerezea michi, mshazari wake mimi huuweka nyuzi 40 hivi, ya mabakuli 50 hivi. Lakini usigombane na namba. Gombana na mkono wako, maana kila mara unabadilisha pembe, ndiyo sababu patasi yako ina nyuso tatu badala ya mmoja. (Ndiyo, hilo pia nimeliona kwenye picha.)

Ukimaliza, elekeza makali kwenye taa. Ukiona mstari unang'aa, hapo bado ni butu.

Ukirudi kwenye mti, usitangulize ncha. Hapo ndipo patasi inaponaswa na kukurukia. Iegemeze kwanza kwenye kile chuma cha mashine cha kuegemezea patasi, laza mgongo wa mshazari juu ya mti unaozunguka bila kukata, halafu inua mpini polepole hadi randa lianze kutoka.

Jumamosi nitampa mtu wa boti kinoo na kalamu ya wino. Mama bado anatwanga na ule mchi uliopasuka, lakini huo wako usimpelekee hivyo ulivyo. Ukereze upya. Wala usiufiche kwa msasa, nikija nitaupapasa.

Kaka yako